Kufuta Nyayo za Msomaji Maktabani: Mwongozo Kamili wa Faragha kwa Wakutubi

Malalamiko yanayonifikia ni yale yale. Mkutubi amebofya kitufe cha kufuta historia ya kuazima, ujumbe wa kijani umetokea, na amemwarifu mkuu wake kwamba faragha ya wasomaji sasa iko salama. Baada ya muda anachukua kitabu rafuni, anaingiza namba yake kwenye mfumo, na jina la mtu aliyekiazima mwezi uliopita bado lipo.

Kitufe hakikumdanganya. Kimefuta mahali pamoja tu, ilhali tukio moja la kuazima huandikwa mahali pengi: kwenye jedwali la uazimaji, kwenye takwimu, kwenye foleni ya barua pepe, kwenye kumbukumbu za seva, kwenye nakala rudufu, na pengine kwenye kompyuta za kampuni ambayo msomaji hajawahi kuisikia. Mifano ya mfumo nimeichukua kutoka Koha, kwa kuwa ni programu huria ya kuendeshea shughuli za maktaba na maktaba nyingi zinaitumia. Ukiwa na mfumo mwingine, majina yatabadilika, lakini sehemu za kukagua ni hizo hizo.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Idhini ya maandishi ya mkuu wa maktaba. Kufuta rekodi za taasisi bila idhini ni kosa, hata kama nia ni njema.
- Akaunti ya msimamizi wa mfumo, pamoja na mtu anayeweza kuingia kwenye seva yenyewe.
- Nakala rudufu ya leo ambayo mmeshajaribu kuirejesha ikakubali.
- Mikataba yote ya vitabu pepe, hifadhidata za majarida, ujumbe wa SMS na huduma nyingine mnazonunua nje.
- Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya nchi yako na ratiba ya utunzaji wa nyaraka za taasisi. Rekodi za fedha hasa huwa na muda wake wa kisheria.
- Msomaji mmoja wa majaribio na vitabu viwili vya majaribio ndani ya mfumo. Usijaribie kwa rekodi za watu halisi.
- Karatasi kubwa na kalamu.

## Hatua ya 1: Fuata uazimaji mmoja tangu mwanzo hadi mwisho

Jifanye msomaji. Tumia akaunti ya majaribio kutafuta kitabu kwenye katalogi, kiwekee oda, kiazime, kicheleweshe, lipa faini, kirudishe. Kila unapopiga hatua, simama na uandike: nini kimerekodiwa, wapi, kwa sababu gani, nani anaweza kukiona, na kinafutwa lini.

Safu ya "kinafutwa lini" ndiyo itakayokuumbua. Mara nyingi jibu ni "hakifutwi".

Usiishie kwenye kompyuta. Tazama daftari la kusaini kompyuta za umma: jina, simu, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Mtu wa kumi huwasoma wote tisa waliomtangulia huku akitafuta kalamu inayoandika. Tazama pia rafu ya vitabu vilivyowekewa oda, ambako kikaratasi chenye jina kamili kimechomoza juu ya kitabu kinachoeleza namna ya kudai talaka. Hapo hakuna hata data iliyovuja, kwa kuwa imebandikwa hadharani.

Umefanikiwa ikiwa karatasi yako ina sehemu zisizopungua kumi, na angalau tatu kati yake hukuzijua kabla ya kuanza. Ukipata nne tu, rudia.

## Hatua ya 2: Pangia kila rekodi muda wake

Kitabu kikiwa bado mikononi mwa msomaji, lazima mfumo ujue yuko nacho nani. Kikisharudishwa, sababu pekee ya maana ya kuendelea kujua ni kukagua kama kimechanwa au kuandikwa. Siku 7 hadi 14 zinatosha. Wakutubi hupenda kuniambia mwaka mmoja, "kwa tahadhari", lakini sijawahi kusikia tahadhari hiyo ni ya jambo gani hasa.

Rekodi zinazobaki ni za vitabu ambavyo havijarudishwa, vilivyopotea, na faini ambazo hazijalipwa. Msomaji anayetaka kujiwekea historia yake mwenyewe aruhusiwe, ila awe ameomba. Asikute imewashwa tayari.

Andika maamuzi haya kwenye ukurasa mmoja, yasainiwe, yabandikwe mahali wasomaji wanapoyaona. IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, lilitoa tamko lake kuhusu faragha maktabani mwaka 2015, na linakufaa kama msingi ukikosa pa kuanzia.

## Hatua ya 3: Punguza fomu ya uanachama

Pitia fomu kipengele kwa kipengele na ukiulize kila kimoja: tukikiondoa, huduma gani itakwama? Dini, kabila, kazi, hali ya ndoa na jina la mwajiri huondoka bila mjadala.

Tarehe ya kuzaliwa ndiyo inayobishaniwa zaidi. Kama mnahitaji kumtofautisha mtoto na mtu mzima, wekeni kundi la umri. Mtafiti Latanya Sweeney alionyesha mwaka 2000 kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wangeweza kutambulika kila mtu peke yake kwa vitu vitatu tu: msimbo wa posta, jinsia na tarehe kamili ya kuzaliwa. Ndiyo maana kulifuta jina huku ukibakiza tarehe hakujamficha mtu.

Kitambulisho kikionyeshwa dawatini, kione, thibitisha, kirudishe. Usikipige fotokopi.

## Hatua ya 4: Kata uhusiano wa msomaji na kitabu

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa hiyo nenda polepole.

Kwanza, tengeneza msomaji bandia na mpe jina ambalo halitamchanganya mtu, kwa mfano MSOMAJI BANDIA. Rekodi za zamani zitahamishiwa kwake.

Pili, ingiza namba yake kwenye mpangilio unaoitwa AnonymousPatron. Namba inayotakiwa ni borrowernumber, ile ya ndani ya mfumo, na SIYO namba ya kadi. Utaiona kwenye anwani ya ukurasa unapofungua rekodi yake. Ukiweka namba ya kadi na ikatokea inafanana na borrowernumber ya msomaji halisi, historia ya maktaba nzima inaweza kumwangukia mtu huyo mmoja, aonekane ameazima maelfu ya vitabu asivyovijua.

Tatu, washa OPACPrivacy ili wasomaji wajichagulie, kisha angalia mpangilio wa faragha wa kila kundi la wasomaji. Msomaji hurithi mpangilio wa kundi lake anapoandikishwa, na yeyote ambaye rekodi yake ina "Forever", yaani historia itunzwe daima, programu ya kuondoa utambulisho humruka. Inakimbia, inamaliza, haitoi kosa lolote, na haijagusa kitu. Nusu ya malalamiko ninayopokea huishia hapa.

Nne, panga programu hiyo, iitwayo batch_anonymise.pl, ikimbie yenyewe kila usiku kwa idadi ya siku mliyoamua kwenye hatua ya 2. Kitufe cha kubofya kwa mkono kinafaa mara ya kwanza tu, maana mbofyaji ataenda likizo.

Sasa hakiki. Fungua sehemu ya ripoti, andika swali hili, ukibadilisha 512 iwe namba ya msomaji bandia wako, na 14 iwe siku zenu:

SELECT COUNT(*) FROM old_issues WHERE returndate < NOW() - INTERVAL 14 DAY AND borrowernumber IS NOT NULL AND borrowernumber <> 512

Umefanikiwa ikiwa jibu ni sifuri, au ni rekodi za wale tu walioomba wenyewe kutunziwa historia. Jibu likiwa kubwa, rudi kwenye "tatu" kabla ya kugusa kitu kingine.

## Hatua ya 5: Safisha mabaki

Hatua ya 4 imeshughulikia jedwali moja. Haya ndiyo mengine, na kila moja linaweza kumrudisha msomaji uliyedhani umemficha:

- statistics: ina safu ya borrowernumber kwa kila kuazima na kurudisha. Toa kwanza ripoti za jumla za kila mwezi, zihifadhi, halafu ndipo ufute za zamani.
- message_queue: kila barua pepe ya "kitabu chako kimechelewa" imetunzwa humo, ikiwa na jina la msomaji na jina la kitabu kwenye sentensi moja. Hili watu hulisahau kabisa.
- action_logs: kama mmewasha kumbukumbu za kuazima na kurudisha, historia yote imeandikwa huku kwa mara ya pili.
- items_last_borrower: hujazwa iwapo StoreLastBorrower imewashwa. Izime.
- search_history: maneno ambayo msomaji aliyatafuta akiwa ameingia kwenye akaunti yake.
- old_reserves: oda za zamani. Oda ya kitabu inaeleza haja ya msomaji sawasawa na kukiazima.
- accountlines: maelezo ya faini hubeba jina la kitabu. Hapa usifute kitu kabla ya kuongea na mhasibu.

Programu ya cleanup_database.pl hushughulikia sehemu kubwa ya hizi kwa kuipa idadi ya siku: --statistics, --mail, --logs, --searchhistory, --old-reserves. Kwenye matoleo ya karibuni ni lazima uongeze --confirm, la sivyo haifuti chochote. Ikimbize kwanza bila --confirm, usome inachokusudia kufanya, ndipo uiruhusu.

Onyo: kilichofutwa hapa hakirudi isipokuwa kwa nakala rudufu. Anza na seva ya majaribio kama mnayo.

## Hatua ya 6: Kumbuka nakala rudufu na kumbukumbu za seva

Umefuta rekodi za mwaka jana, lakini nakala rudufu ya mwaka jana bado iko kwenye diski kabatini. Mambo mawili yanatakiwa. Nakala ziwe na umri wa mwisho, kwa mfano siku 90, na zisimbwe, yaani zisisomeke bila ufunguo. Pia orodha ya hatua za kurejesha mfumo iwe na mstari unaosema: kabla ya kuwafungulia wasomaji, kimbiza tena kazi za hatua ya 4 na ya 5. Bila mstari huo, siku seva itakapoharibika mtarejesha mfumo pamoja na kila jina mlilolifuta.

Usione hili ni jambo la kufikirika. Oktoba 2023 wahalifu wa mtandaoni waliivamia Maktaba ya Uingereza, na fidia ilipokosekana wakamwaga mtandaoni takriban GB 600 za mafaili, yakiwemo ya taarifa binafsi za watumiaji na wafanyakazi. Mvamizi hubeba anachokikuta.

Kumbukumbu za seva ya tovuti nazo huandika anwani ya IP (namba inayotambulisha kifaa mtandaoni), saa, na ukurasa ulioombwa, na anwani ya ukurasa wa katalogi hubeba maneno yaliyotafutwa. Ziweke zijifute baada ya siku chache, wiki mbili zikizidi sana.

## Hatua ya 7: Kagua katalogi ya mtandaoni

Anza na HTTPS, yaani mawasiliano yaliyosimbwa kati ya msomaji na tovuti, kwenye kurasa zote, siyo ukurasa wa kuingilia peke yake. Let's Encrypt hutoa vyeti vyake bila malipo, kwa hiyo gharama haiwezi kuwa kisingizio.

Halafu fungua ukurasa wa kitabu kimoja, bonyeza F12, nenda kwenye sehemu ya mtandao na upakie ukurasa upya. Utaona orodha ya seva zote ambazo kivinjari kimeziita. Kila jina lisilo la maktaba yenu ni mtu wa nje aliyejulishwa kwamba anwani fulani ya IP inatazama kitabu fulani sasa hivi.

Wahusika wa kawaida ni vihesabu vya wageni, vitufe vya mitandao ya kijamii, fonti, na picha za majalada. Picha za majalada ndizo huwashangaza watu. Jalada likivutwa moja kwa moja kutoka Amazon au Google, ombi lenyewe linataja kitabu. Koha inaruhusu kuhifadhi picha za majalada kwenye seva yenu wenyewe, fanyeni hivyo. Kihesabu cha wageni mkikihitaji, wekeni programu huria ya Matomo kwenye seva yenu na mkate tarakimu za mwisho za IP.

Umefanikiwa ikiwa orodha ya F12 ina jina la maktaba peke yake, au kila jina la ziada lina maelezo ya maandishi na aliyeliidhinisha.

## Hatua ya 8: Kompyuta za umma, printa na dawati

Kompyuta za umma zirudi katika hali ya mwanzo kila kipindi kinapokwisha. Kivinjari kinachofuta historia kikifungwa hakitoshi, kwa sababu mafaili yaliyopakuliwa hubaki kwenye folda yake. Jaribu mwenyewe: pakua faili, ingia kwenye barua pepe ya majaribio, ondoka bila kufunga chochote, kisha kaa kama mtu anayefuata.

Printa hutunza majina ya kazi zilizochapishwa, na jina kama "barua_ya_kujiuzulu" linajieleza. Mashine nyingi za fotokopi zina diski ndani inayoweza kubaki na picha za kurasa, hivyo muulize fundi jinsi ya kuifuta kabla mashine haijauzwa au kurudishwa kwa mwenye kuikodisha.

Daftari la kusaini libadilishwe kwa vipande vya karatasi vyenye namba, vinavyochanwa jioni. Vitabu vya oda viwekwe alama ya tarakimu nne za mwisho za kadi, mgongo ukitazama ndani. Dawatini, mkutubi asitaje jina la kitabu kwa sauti. "Kitabu chako kimefika" inatosha, na hii inahusu pia kupiga simu nyumbani kwa msomaji.

## Hatua ya 9: Soma mikataba ya kampuni za nje

Kwenye vitabu pepe, maktaba inalipa lakini kampuni ndiyo inayojua ukurasa wa ngapi msomaji aliachia. Oktoba 2014 ilibainika kwamba toleo la nne la Adobe Digital Editions, programu iliyotumiwa na maktaba nyingi kuazimisha vitabu pepe, lilikuwa linatuma kwa Adobe taarifa za kitabu kinachosomwa na kurasa zilizofunguliwa, tena bila kusimbwa. Mtu yeyote aliyekuwa katikati ya mtandao angeweza kuzisoma.

Dai majibu ya maandishi kwa maswali haya: mnakusanya nini, mnatunza kwa muda gani, mnampa nani, mtatuarifu ndani ya saa ngapi mkivamiwa, na mkataba ukiisha mtafuta vipi. Kwenye saa, 72 ni kiwango kinachojulikana, kwa kuwa ndicho kilichomo kwenye kanuni ya Umoja wa Ulaya, GDPR, kwa taasisi kuiarifu mamlaka. Kampuni iliyo chini yenu ipewe saa pungufu ya hizo ili nanyi mpate muda.

Kama wasomaji huingia kwa akaunti ya taasisi, ipeni kampuni utambulisho usiosomeka badala ya barua pepe na jina. Huhitaji kumtaja mtu ili kuthibitisha kwamba ana haki ya kuingia.

## Hatua ya 10: Toa takwimu bila kutoa watu

Siku moja ofisi fulani itaomba "data ghafi tu, majina mmeshaondoa". Agosti 2006 AOL, kampuni ya huduma za intaneti ya Marekani, ilichapisha utafutaji takriban milioni 20 wa watumiaji wapatao 650,000, ikiwa imebadilisha majina kuwa namba. Ndani ya siku chache waandishi wa gazeti la New York Times walimtambua mwanamke mmoja kwa kufuatilia alichokitafuta. Orodha ya vitabu vya mtu mmoja, hata ikiwa haina jina, ni picha yake.

Kwa hiyo toa jumla, na zingatia haya:

1. Ficha namba yoyote iliyo chini ya 5. "Mwanafunzi 1 wa uhandisi aliazima vitabu kuhusu saratani" ni sentensi yenye jina ndani yake.
2. Angalia kama namba uliyoificha inapatikana kwa kutoa. Jumla ikiwa 40 na makundi mengine yanafikia 38, umeificha bure. Unganisha makundi mawili.
3. Usidhani kubadilisha namba ya kadi kuwa hashi, yaani msimbo unaokokotolewa kutokana na namba hiyo, kunaficha. Kadi ya tarakimu sita ina namba milioni moja tu, na kompyuta ya kawaida huzihesabia hashi zote kwa muda mfupi sana kisha inalinganisha. Ukilazimika kufuatilia mtu yule yule kwa muda, mpe namba ya kubahatisha na uharibu orodha ya ulinganisho mradi ukiisha.

Ombi gumu zaidi ni la vyuo vinavyotaka kuunganisha uazimaji wa kila mwanafunzi na matokeo yake ya mtihani ili kubashiri atakayefeli. Msimamo wangu ni kukataa rekodi ya mtu mmoja mmoja, hata kwa lengo zuri namna hii. Mwanafunzi akijua maktaba inamhesabia, ataazima vya kuonekana. Wanaotaka kushiriki utafiti waombwe ridhaa.

## Hatua ya 11: Jiandae kwa anayekuja kuomba rekodi

Anaweza kuwa askari, mwajiri, mzazi, au mume anayeuliza mkewe amesoma nini. Mpango uwe mmoja kwa wote. Mtu wa dawatini hatoi, hakatai kwa ugomvi, na hathibitishi hata kwamba fulani ni mwanachama. Anasema: "Maombi haya yanashughulikiwa na afisa mmoja, naomba nikuitie." Jina la afisa na la msaidizi wake viwe chini ya kaunta.

Afisa huomba hati kwa maandishi, huipeleka kwa mwanasheria, na hutoa kile tu kilichotajwa kwenye hati. Mwaka 2005 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilidai rekodi za kompyuta kwa ushirika wa maktaba wa Library Connection huko Connecticut, Marekani, ikiwakataza hata kusema kwamba wameombwa. Wakutubi wanne walikwenda mahakamani, na mwaka uliofuata katazo likaondolewa. Walifika huko kwa sababu hati iliwafikia watu waliojua la kufanya.

Onyo: hati halali ikishafika, usifute chochote kinachohusika nayo. Ufutaji wa kila usiku ulikuwa halali jana. Leo unaweza kuhesabiwa ni kuharibu ushahidi. Simamisha kazi hizo kwa rekodi zilizotajwa hadi mwanasheria aseme.

## Hatua ya 12: Jaribio la kitabu kimoja

Azima kitabu cha kwanza cha majaribio kwa akaunti ya majaribio, kirudishe, subiri muda mliojipangia upite. Kisha mpe mfanyakazi mwenye ruhusa za juu kabisa namba ya kitabu hicho na saa moja. Kazi yake ni moja: amjue aliyekiazima.

Akimpata kwenye rekodi ya kitabu, kagua items_last_borrower. Akimpata kwenye ripoti, ni statistics. Akimpata kwenye akaunti ya msomaji chini ya ujumbe uliotumwa, ni message_queue. Akimpata kwenye barua pepe ya dawati iliyopokea nakala ya taarifa, mmesahau kuiweka kwenye karatasi ya hatua ya 1, iongezeni. Akimpata kwa kukumbuka tu kwamba yeye ndiye aliyemhudumia, jaribio ni batili: tumia kitabu cha pili na mfanyakazi mwingine.

Rudia jaribio kila mfumo unaposasishwa, kwa sababu toleo jipya likija na jedwali jipya, kazi mlizozipanga hazitalijua.